Mababu Waliambiwa Nimekwenda Bolivia

Mwezi uliopita mgeni mmoja alisahau sweta chumbani. Binti anayenifanyia usafi akalifua, akalianika nyuma, karibu na jiko. Nilikuwa napita pale simu iko sikioni, nagombana na dereva wangu aliyekwamisha gari la vitunguu huko Malolo, mara harufu ikanipata puani. Sufu iliyolowa. Aliyewahi kuinusa anaijua: kondoo aliyenyeshewa, na moshi kidogo ndani yake. Nikamwambia dereva nitampigia. Nikasimama mbele ya kamba ya nguo kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Bosi, kuna tatizo?" binti akauliza.

"Anua hilo sweta. Lianike kwingine."

"Lakini jua liko huku."

"Nimesema kwingine."

Kabla sijaendelea, mjue anayezungumza ni nani. Ukishuka Mikumi pale malori yanapolala, uliza nyumba ya wageni yenye geti la bluu, hata mtoto mchanga atakuonyesha. Ni yangu. Gereji ya pembeni yake ni yangu. Malori yanayopakia vitunguu na ndizi, yenye turubai la kijani, ni yangu. Sikurithi hata mpini wa jembe. Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini wenye digrii zao wakifika wamechoka na safari ya Iringa wananiita mzee, wananiomba chumba cha upande usio na kelele. Mtu atasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Anayekatazwa kujisifu ni yule aliyebebwa. Mimi sikubebwa na mtu. Nilishushwa, tena hadharani, na hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Nimezaliwa juu, Vidunda. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka ile miaka: sukari ya foleni, sabuni ya kukatiwa kipande, shati moja linalofuliwa Jumamosi wakati mwenyewe umejificha ndani mpaka likauke. Mama alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alishuka kwenye mashamba ya mkonge, akaoa hukohuko, akatusahau kama mtu anavyosahau mwavuli. Nililelewa na bibi, mama yake mama. Mlango wetu ulitazamana na mlango wa mjomba, kaka yake mama, mtu mwenye mkono mwepesi wa kupiga na mzito wa kutoa.

Bibi alikuwa Mwanglikana wa benchi la mbele. Jumapili alimwomba Mungu kwa sauti kuliko mchungaji. Lakini mambo ya ukoo hakumsumbua nayo Mungu, aliyapeleka kwa wenyewe, makaburini, chini ya migomba. Hakuona ugomvi wowote kati ya hayo mawili, na mimi nililelewa bila kuuona.

Basi akaja Bwana Dani. Mmarekani, mrefu, mwenye magoti mekundu, aliyetumwa kutuvutia maji ya bomba kutoka kwenye chemchemi ya juu. Alikuja na mkewe, tukamwita Mama Tobi, na mtoto wao Tobi aliyekuwa rika langu na kimo changu kabisa, nywele zake kama ndevu za mahindi. Tobi alijua Kiswahili kuwashinda wazazi wake, maana alikipata kwetu watoto, pamoja na matusi. Nilikuwa mwenzake wa kila siku. Nikishamaliza kuchota maji na kufukuza ndege kwenye mtama, nilikuwa barazani kwao.

Mabomba yalipokaribia kufika kijijini, Bwana Dani akapata kazi kama ileile Bolivia. Nilisikia jina hilo nikadhani ni la ugonjwa. Mwalimu akatuambia ni nchi ya Amerika ya Kusini. Mimi nikaelewa kwa akili yangu: kama sisi tuko juu na Kidodi iko chini yetu, basi Bolivia ni Marekani ya bondeni, na Bwana Dani anarudi kwao kwa njia ya mkato. Baadaye Tobi akanionyesha kitabu chenye picha. Milima mikavu, wanawake wenye kofia za kiume wameketi na mizigo yao sokoni, na mnyama fulani mwenye mwili wa kondoo na shingo iliyoazimwa kwa twiga. Nikampenda yule mnyama. Nikaanza kumwota.

Kila jioni jua likiwa bado lipo, walikaa barazani na redio kaseti kujifunza lugha ya huko, Kihispania. Sauti ya mwanamume inatamka neno, kisha inanyamaza ili watu warudie. Bwana Dani alirudia kama anatafuna mchanga. Mama Tobi alirudia huku anafuma, sindano zinagongana. Tobi alipiga miayo. Mimi, kwenye ngazi, nilirudia vizuri. Maji ni *agua*. Mkate ni *pan*. Mlima ni *montaña*, neno linapita puani. Baada ya siku chache sauti ilikuwa ikiuliza, nami najibu kabla yao.

Jioni moja Mama Tobi alicheka mpaka uzi ukamponyoka. "Huyu ndiye wa kwenda Bolivia! Tobi abaki hapa alime!"

Bwana Dani akaniangalia, akanipiga bega. "Kweli kabisa. Wewe twende wote. Jiandae."

Nilikimbia nyumbani miguu haigusi chini. Bibi alikuwa anapepeta.

"Bibi, nakwenda Bolivia."

"Nani kasema?"

"Bwana Dani. Kasema nijiandae."

"Kasema mwenyewe, kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Mkewe yupo, mtoto wake yupo."

Akaweka ungo chini. Mjomba, aliyekuwa anasikiliza kutoka mlangoni kwake, akavuka ua. "Mama, tukamwulize huyo Mzungu vizuri. Huyu mtoto ana maneno mengi."

"Ukamwulize nini?" bibi akamgeukia. "Mtu mzima amekupa neno, wewe unarudi kumwuliza kama ni kweli. Si umemwita mwongo mlangoni kwake?"

Hapa niwaeleze wa mbali, maana wa kwetu wanajua. Kwa bibi yangu na watu wa umri wake, ahadi haikuulizwa mara ya pili. Mtu akikuahidi mchumba, au shamba, au ndama, ulichofanya ni kujiandaa, tena mbele ya macho yake. Kujiandaa ndiko kulikuwa kuuliza. Kama alikuwa anatania, akiona umefagia ua na kufunga mizigo, atakohoa na kusema, "Jamani, mbona mmekwenda mbali hivyo?" Akinyamaza, au akipokea, basi amejibu. Hivyo ndivyo watu walivyooana pale, na ndivyo walivyogawana mashamba bila kupelekana mbele ya baraza la wazee.

Kwa hiyo bibi akaanza kumwuliza Bwana Dani kwa namna yake. Kwanza alipeleka jogoo na asali ya nyuki wa msituni. Alinitanguliza mbele, nimeoga, nimepakwa mafuta. Mama Tobi akapokea kwa mikono miwili, macho yanang'aa, akasema, "Asante kwa kila kitu, bibi. Asante sana." Tukiwa njiani kurudi bibi akasema neno moja tu: "Amepokea."

Wiki iliyofuata Mama Tobi akaniita, akanisimamisha wima, akanipima kwa tepu: mgongo, mabega, urefu wa mkono. Alikuwa ameanza kufuma sweta la sufu ya kijivu. Ukungu wa Vidunda ulikuwa mzito siku zile, kila kitu kinalowa, na ile sufu ilinuka mapajani mwake kama mnyama aliye hai. "Bolivia baridi sana," akaniambia, sindano iko mdomoni. "Kule juu baridi kuliko hapa." Alinivalisha kipande cha mgongo, akanigeuza, akasema safi. Mniambie ninyi: mtoto wa miaka ile, aliyepimwa sweta na kuambiwa Bolivia baridi, angeelewa nini?

Kisha Kilosa. Bwana Dani alikuwa anakwenda kuwaaga wakubwa wa wilaya, akatuchukua mimi na Tobi kwenye Landrova. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona reli. Akatupeleka kwa mpiga picha karibu na soko, mwenye pazia jeupe na kiti cha kuzunguka. Tobi akapigwa peke yake, nikapigwa peke yangu, tukapigwa wote wawili tumeshikana mabega. Mpiga picha akanifunga kifungo cha juu cha shati na kuniambia nisicheke.

Jioni mjomba alinihoji kama polisi. "Ulipigwa peke yako au na mwenzako?"

"Vyote, mjomba."

"Hiyo ya peke yako, nyuma kulikuwa na nini?"

"Pazia jeupe."

"Ukaambiwa usicheke?"

"Ndiyo."

Akajipiga paja. "Mama! Hiyo ni ya pasi ya kusafiria! Kwenye pasi hawataki meno!"

Kuanzia siku ile nilikula nyama. Mjomba yuleyule aliyenichapa kwa kulamba sufuria alianza kunikatia paja la kuku kwa mkono wake. "Mpwa wangu," ananiita, wakati zamani nilikuwa "we". "Ukifika huko usiwe kama baba yako. Mimi nataka redio. Na saa, yenye kamba ya chuma. Na mama umtumie miwani." Nikamwahidi vyote. Nikawagawia wenzangu mali zangu: manati, gurudumu langu la waya, mtego wa panya. Mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa, watoto wakapiga makofi, na nafasi yangu kwenye dawati akapewa mwingine siku hiyohiyo.

Asubuhi ya kuagwa bibi alinipeleka makaburini. Ni mawe tu, hayana misalaba kwa wale wa zamani. Alivaa kanga yake ya kanisani. Akakoroga unga wa mtama na maji kwenye kibuyu, akanipigisha magoti, akamimina kidogo kwenye kila jiwe akiita majina. Alisema Kividunda cha ndani, kile ambacho hata mjomba alikuwa anakiokoteza, lakini nilikifuata. "Huyu mnamjua, ni wa binti yenu. Anavuka maji makubwa. Msimtafute tena hapa. Mkikuta mahali pake pa kulala patupu, msiseme tumempoteza. Mfuateni huko, mkamlinde hukohuko." Kisha akachukua jani la mgomba akawa anafagia nyayo zangu nyuma yangu, kutoka makaburini mpaka njia panda, mimi nimetangulia na nimekatazwa kugeuka. Nilifurahi jamani. Nilidhani ananisafishia njia.

Mchana mjomba akachinja beberu mweusi, wa pekee tuliyekuwa naye. Kijiji kikaja. Bwana Dani na familia yake wakaja, wakakalishwa kwenye viti vya kanisani, na mpaka leo naamini yule bwana aliona karamu ile ni yake. Alishangaa, akashika kifua. Mjomba akasimama kuzungumza, na kama inavyofaa mtu anayekabidhi kitu kikubwa, hakukitaja.

"Bwana Dani, mgeni wetu. Umetupa maji. Sisi hatuna cha kukulipa isipokuwa kile kilicho chetu, nacho tumekukabidhi mbele ya watu hawa. Kitunze. Kikikosea, kiadhibu kama chako."

Bwana Dani akainuka, macho mekundu. "Nimepokea," akasema. "Nitatunza mpaka mwisho wa maisha yangu." Alikuwa ameshika mkeka tuliomsukia. Vigelegele vikapigwa. Bibi akafuta machozi kwa pindo la kanga, akala mfupa.

Siku ya safari ukungu ulikuwa haujainuka. Nilikuwa na kifurushi: bisi, kipande cha sabuni, kaptura ya pili. Sikungoja kuitwa. Wakati kwaya inaimba na Bwana Dani anashikana mikono na kila mtu, nilipanda nyuma ya Landrova nikajipanga katikati ya maboksi. Tobi alikuwa tayari amekaa mbele. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Bwana Dani anaingiza begi la mwisho, akaniona.

"Aha, rafiki! Umekuja kuniaga mpaka ndani ya gari?"

"Shikamoo. Niko tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Bolivia."

Akacheka. Kisha kicheko kikabaki usoni kikitetemeka, kama injini inayotikisika baada ya kuzimwa. Akamwita mkewe kwa Kiingereza. Mama Tobi akaja, akatazama kifurushi, akaziba mdomo kwa mkono. "Hapana," akasema. "Hapana, mwanangu. Ile siku... tulikuwa tunacheka tu."

"Ulinipima sweta."

Tobi akageuka kutoka kiti cha mbele. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, nimeshasema. "Sweta ni langu. Alikupima wewe kwa sababu mimi sipendi kusimama. Wewe na mimi si tuko sawa?" Akaweka kiganja juu ya kichwa chake kunionyesha.

"Na picha?"

"Ya kumbukumbu," Bwana Dani akasema. Akagusa mfuko wa shati. "Ninayo hapa. Nitaiweka ukutani, huko Bolivia, utakuwa unatuangalia kila siku." Alidhani ananifariji. Kwa hiyo msije mkasema sikufika. Nilifika, nikatundikwa kwa msumari.

Akanishika makwapani, akaniteremsha taratibu, kama mtu aliyekuta mzigo usio wake ndani ya gari. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Kijiji kizima kimesimama. Nikamwona mjomba anatoka mbele, domo liko wazi, anakwenda kuuliza hatimaye, na nikamwona bibi anamvuta kwa nyuma ya shati.

"Usimwaibishe mgeni," akasema.

Hata pale! Mtu anaondoka na neno lake, sisi tunamlindia heshima. Bwana Dani akapekua boksi haraka, akanipa mojawapo ya kanda za kujifunzia Kihispania. "Uendelee kusoma," akasema. Kijijini hapakuwa na redio kaseti nyingine zaidi ya ile aliyokuwa anaondoka nayo. Gari likateremka. Tukapunga mikono, wote, na mimi nikapunga.

Mlio wa gari haujapotea mwanamke mmoja akaguna, "Haya, Bolivia, ndege imeshatua?" Watu wakapasuka. Nilisema tangu mwanzo kwamba nilishushwa hadharani. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, watu walewale waliokula nyama ya kuniagia. Jina likanikaa siku hiyo. Mjomba akaninyang'anya kanda, akauvuta ule ukanda wote wa ndani, akaufunga kwenye miti ya shamba la mtama kufukuzia ndege. Ukawa unalia na upepo. Ulifanya kazi nzuri kuliko mimi.

Nikaelekea nyumbani. Bibi alikuwa ametangulia. Nikakuta ameweka mchi wa kutwangia chini, umekatiza mlango.

"Usivuke," akasema.

"Bibi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nasema usivuke." Hakuwa na hasira. "Nimewaambia umekwenda. Nimewaita kila mmoja kwa jina lake nikawaambia wakufuate. Wako njiani sasa hivi wanakwenda kukutafuta huko. Wakirudi wakakukuta umelala hapa, nitakuwa nimewadanganya wafu."

"Si uwaambie sikwenda?"

"Kwa kitu gani? Kwa mikono mitupu?" Akamtazama mjomba. "Atafutwe beberu mweusi, nirudi nikawaombe msamaha."

Mjomba akacheka kwa pua. "Beberu mweusi ameshamla mwenyewe. Bado nyama iko kwenye meno yake. Akamdai Mmarekani."

Bibi alipokea kifurushi, mimi nikalala kibandani na kuku. Chakula niliwekewa nje, juu ya jiwe, kama cha mgeni asiyejulikana. Bibi hakuniita kwa jina tena, wala kwa hilo la Bolivia, akinitaka alikohoa. Nilingoja mjomba alegee. Nilimlimia, nilimchotea maji, nilimwamkia asubuhi na jioni, "Shikamoo, mjomba," naye anaitika, "Marahaba, umerudi lini?" ili wanaopita wacheke. Shuleni sikurudi. Ningekaa wapi?

Kisha mtoto mdogo wa mjomba akashikwa na homa. Homa tu, zile za mvua, kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Lakini mke wa mjomba alitoka nje akaninyooshea kidole, na bibi akaingia ndani, akatoka na kifurushi changu kilekile. Sikumwona anakifunga. Nafikiri hakikuwahi kufunguliwa.

Tuliteremka wawili mpaka barabarani. Alinipeleka nikakae Mikumi kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa anauzia chai madereva wa malori. "Kule mababu ni wengine," bibi akaeleza, "hawa wa kwangu hawatakuja kukutafuta huko." Nilimshika kanga. Akanifumbua vidole kimoja kimoja.

"Ukiniona popote," akasema, "niamkie kama unavyomwamkia bibi yeyote."

Akaondoka akiwa anafagia tena, kwa tawi safari hii, nyayo zangu peke yake, zake akiziacha.

Shangazi hakuwa mama wa kubembeleza. Nililala chini ya turubai za watu, nikaosha vikombe, nikasukuma magari, nikajifunza kuziba pancha kwa gundi na moto nikiwa sijafika kifuani mwa tairi. Madereva waliniita Bolivia maana jina hukimbia kuliko miguu. Nilipigwa, niliibiwa, niliungua mkono huu hapa. Kijana wa leo akipewa siku moja tu ya maisha yale anampigia mama yake simu. Mimi nilinunua pampu, kisha kibanda, kisha lori bovu lisilotakiwa na mtu, nikalilaza na kuliamsha mpaka likatembea. Mengine mnayaona kwa macho.

Watu huniuliza kama namchukia yule Mmarekani. Bwana Dani alikuwa mtu mwema, maji yake yanatoka mpaka leo, na hakujua alichofanya. Lakini kumpenda siwezi, na simtafuti. Bibi je? Wapo watakaosema alikuwa mkatili. Alikuwa. Alipofariki niliteremsha jeneza kutoka kwenye lori langu mwenyewe, nikaleta ng'ombe, mchele, maturubai na spika. Mjomba, mzee sasa, hana meno, akanipangia kiti upande wa wageni, na zamu ya kutia udongo ilipofika niliitwa baada ya ukoo wote, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Niliweza kununua mabeberu weusi wa kijiji kizima. Wazee wakasema aliyewaambia wafu ndiye pekee anayeweza kuwaambia vingine, naye ndiye huyo tunayemzika.

Nilikutana na bibi mara moja tu kabla ya hapo. Nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, niko chini ya lori la ndizi lililopasukiwa tairi pale Mikumi, abiria wameshuka wamekaa kwenye mawe wanasubiri. Nilipotoka na jeki nikamwona. Amekaa peke yake, kapu liko mapajani, anatazama mikono yangu. Sijui alikuwa ananitazama tangu lini. Nikajifuta grisi kwenye suruali. Abiria wengine wapo, dereva yupo, wote wanasikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Pole na kazi."

"Nimeshapoa."

 Midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayehesabu majina. Kisha akauliza, kwa adabu zote, kama bibi yeyote anavyomwuliza kijana yeyote wa barabarani:

"Nyumbani kwenu ni wapi?"

Dereva alikuwa anapiga honi. Abiria walikuwa wameanza kuinuka.

"Bolivia," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, akajifunga kanga, akainuka kwenda kupanda. "Ni mbali," akasema. "Ukifika, wasalimie wazee wetu. Nimesikia wako huko."